Kipande Kilichokosekana katika Filamu ya Maji

Jumatatu, tarehe 6 Julai mwaka 1981, Geneviève aliamka wa kwanza nyumbani kwao, kama alivyozoea tangu mama yake azikwe. Alijifunga kitambaa cheusi kichwani, akachukua bidoni, dumu lake la maji, akateremka kijitoni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na njia za mtaa wao wa Mudzipela zilikuwa utelezi mtupu. Ukungu ulilala juu ya mabati, na moshi wa majiko haukupanda, ulitambaa chini kama kitu kilichochoka. Aliporudi aliwasha moto, akakoroga uji wa muhogo, akafagia ua na kutandika mikeka ya matanga, kwa maana jamaa walikuwa bado wanakuja kuketi na baba yake.

Kati ya kijito na nyumba yao palikuwa na nyumba ya Mama Lucienne, jirani aliyekaanga mandazi ya kuuza. Zamani Geneviève hakupita pale bila kuita, na Lucienne, binti wa jirani huyo na mwenzake wa darasa moja, hakukosa kutoka mbio huku anatafuna. Sasa Geneviève alipita ukingo wa pili wa njia, macho chini.

Sababu ilijulikana mtaa mzima. Mwezi wa pili, wakati wa kiangazi, watu wa picha walikuwa wamekuja Mudzipela kutengeneza filamu kuhusu maji. Siku hiyo mama yake Geneviève alirudi kutoka kijitoni akicheka, akisema amepigwa picha ya kutembea. Jioni alikaribishwa kwa Mama Lucienne, akala samaki. Kabla ya mapambazuko alianza kutapika na kuharisha, na jua la siku iliyofuata halikumkuta hai lilipotua. Muuguzi wa zahanati alisema ni kipindupindu, ugonjwa unaoingia mwilini kwa maji machafu. Hakuna aliyemsikiliza. Watu wa mtaa waliamini kwamba maji ya kijito hayana uchafu, kwa sababu hujisafisha yenyewe yanapotiririka. Basi wakatafuta mkono wa mtu, na mkono walioupata ni ule uliotoa samaki.

Tangu hapo mandazi ya Mama Lucienne yalilala kwenye sinia mpaka yakawa magumu. Mawe yalirushwa juu ya bati lake. Na jambo zito kuliko yote lilikuwa bado mbele. Kwa desturi yao, siku ya kuondoa matanga, ukoo husimama mbele ya wageni wote na kutaja kilichomuua marehemu. Anayetajwa siku hiyo hana tena mahali pa kukaa mtaani. Siku yenyewe ilikuwa imepangwa mwanzo wa mwezi wa nane.

Asubuhi hiyo, baba yake Geneviève, Muzee Hippolyte, aliketi uani akinywa uji. Alikuwa mwashi, na mikono yake ilikuwa na nyufa nyeupe za saruji. Karibu naye alikaa dada yake, shangazi Adèle, aliyekuja kutoka Djugu kuangalia nyumba ya msiba. Jana yake, baada ya misa, padri alikuwa ametangaza mafunzo mawili kwa watoto waliomaliza darasa la sita: ushonaji wa miezi sita kwa masista, na kozi ya wiki tatu ya kuunganisha filamu, kazi ambayo mafundi wake huiita montaje. Majina yalitakiwa kabla ya saa sita mchana.

"Nilishasema na masista," shangazi Adèle alisema. "Utashona. Muvulana anataka bibi mwenye kujua kushona."

"Shangazi, mimi nataka ile ya filme," Geneviève akajibu polepole.

"Ile ya kukata filme na makasi?"

"Kukata na kuunga, shangazi."

"Basi kata nguo! Makasi iko makasi. Nguo mutu atavaa. Filme yako utavalisha nani?"

Muzee Hippolyte alicheka kidogo, kisha kicheko kikakatika kama mtu aliyekumbuka kwamba hana ruhusa. Akaweka bakuli chini, akamtazama binti yake.

"Ju ya nini unataka ile, mutoto yangu?"

"Ni fupi, papa. Wiki tatu tu, na nitapata kazi mbio."

"Fupi haiko jibu. Hata njia ya kuanguka mu shimo ni fupi. Sema kile kiko mu roho."

Geneviève alitazama mikeka. Kilichokuwa rohoni hakuweza kukisema. Padri alikuwa ametaja kwamba wanafunzi wa kozi hiyo wangemalizia filamu ileile iliyopigwa Mudzipela mwezi wa pili. Nyumbani kwao picha ya mama ilikuwa moja tu, ile ndogo ya kitambulisho, na unyevu ulikuwa umeila mpaka uso ukabaki doa. Geneviève alikuwa ameanza kusahau mama yake alivyokunja shavu anapocheka, na kusahau huko kulimtisha kuliko kaburi.

"Nataka tu kujua kazi, papa," akasema.

Baba yake alichukua tena bakuli, akamalizia uji. "Dakor, nimekubali," akasema. "Lakini kama umechagua, utamaliza. Sitaki kusikia kesho umechoka."

Shangazi Adèle alikusanya mabakuli kwa kishindo.

Kozi ilianza kesho yake katika chumba nyuma ya jengo la parokia. Madirisha yalikuwa yamefunikwa kwa mablanketi, na ndani kulinuka gundi kali iliyochoma pua. Mwalimu alikuwa Bwana Mbuyi, mtu wa Kasai aliyetumwa kutoka Kinshasa, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Wanafunzi walikuwa wachache, na Geneviève alikuwa msichana peke yake.

"Bon," Bwana Mbuyi alisema. "Nani alichagua hii kozi ju iko fupi?"

Firmin, kijana mwenye maneno mengi, aliinua mkono bila kufikiri. Wengine wakacheka.

"Aksanti kwa ukweli wako. Sasa sikia. Fupi maana yake kazi ya miezi sita tutaisukuma ndani ya wiki tatu. Tunaanza saa moja ya asubuhi, tunafunga jua ikizama. Anayetafuta mapumuziko, mulango iko wazi." Alingoja. Hakuna aliyetoka. "Na sheria ni moja. Hata kipande cha filme cha upana wa kidole, munakitundika hapa." Alionyesha kijiti kirefu chenye pini nyingi, kilichosimama juu ya kikapu kilichowekewa kitambaa. "Hakuna kutupa. Hakuna kubeba ku nyumba."

Siku za kwanza zilikuwa nzito. Walivaa glavu nyeupe za pamba ili jasho lisiiharibu filamu. Walijifunza kuzungusha mkono wa mashine ndogo yenye taa na kioo, ili picha zitembee mbele ya macho yao. Walijifunza kukwangua ncha ya filamu kwa wembe, kupaka gundi tone moja, na kubana mpaka vipande viwili viwe kimoja. Ukikwangua sana, filamu inakatika. Ukikwangua kidogo, haishiki. Macho yaliwasha, migongo iliuma, na mara nyingi Geneviève alirudi nyumbani akiwa hawezi hata kuinua bidoni.

"Weye wa matanga," Firmin alimtania siku moja, "usilie juu ya filme, itaota kutu."

"Filme haioti kutu," Geneviève akamjibu bila kuinua kichwa. "Kichwa yako ndiyo itaota, ju hautumikishi."

Chumba kizima kiliangua kicheko, Firmin mwenyewe akiwa wa kwanza. Lakini maneno yale hayakuwa bure. Mara mbili Bwana Mbuyi aliokota vipande chini ya meza ya Firmin na kumwonya vikali.

Wiki ya kwanza ilipokuwa inaisha, mwalimu aliwaonyesha jambo ambalo Geneviève hakulisahau. Aliunganisha vipande vitatu: mtoto anaanguka, mama anamwinua na kumpangusa, kisha mtoto na mama wanacheka. Wote walitabasamu. Halafu akatoa kipande cha kati, akaunganisha tena. Sasa mtoto alianguka, na mara ileile mama alionekana anacheka.

"Munaonaje huyu mama?"

"Mubaya!" Firmin alisema. "Mutoto anaanguka, yeye anacheka."

"Nimesema uongo?"

"Hapana," mmoja akajibu. "Haukusema kitu."

"Sikusema kitu. Nimetoa tu. Na ule mama mwenye roho muzuri amegeuka mubaya mbele ya macho yenu." Alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Ile makasi munashika, kumbukeni hii."

Wiki ya pili yalifunguliwa masanduku ya filamu iliyopigwa Mudzipela. Moyo wa Geneviève ulidunda hata akaogopa wenzake watausikia. Aliuzungusha mkono wa mashine polepole. Kwenye kioo kidogo alipita mbuzi, kikapita choo cha matete kilichojengwa juu ya mteremko, kikapita kijito chembamba cha kiangazi, wakapita wanawake wenye mabeseni. Kisha mama yake akaingia.

Alikuwa amevaa kitenge cha maua ya njano. Aliweka bidoni chini, akainama, akateka maji kwa kiganja, akanywa. Akateka tena, akanywa tena kwa hamu ya mtu aliyetembea juani. Halafu akainua uso, akaona kamera, na shavu la kushoto likakunjika kwa kicheko. Maji yalikuwa bado yanamdondoka kidevuni. Hapo akatoka, akaingia mama mwingine.

Geneviève alirudisha. Mama yake akanywa kinyumenyume, maji yakatoka kinywani yakarudi kiganjani. Akamwacha anywe tena. Glavu zake zililowa, naye hakujua kwamba analia.

Furaha yake ya kwanza ilikuwa ya mtoto aliyempata mama. Lakini furaha haikukaa peke yake. Alielewa anachokiona. Siku ileile ya kamera, kabla ya samaki na kabla ya jioni, mama yake alikuwa amekunywa maji yaliyopita chini ya choo kile, na alikunywa kwa mkono wake mwenyewe. Picha hii ikionyeshwa, watu wangesema Mama Geneviève alijiua kwa ujinga. Tena matanga hayajaondolewa, na kwa ukoo wao uso wa marehemu hauonyeshwi hadharani kabla ya siku hiyo. Hayo ndiyo aliyojiambia. Jina la Mama Lucienne lilikuja pia, naye akalisukuma pembeni.

Akatazama huku na huku. Akakata mwanzo wa kipande, akakata mwisho, akaunganisha palipobaki. Kile kipande hakukitundika kwenye pini. Alikizungusha kikawa kidogo kama kifungo kikubwa, akakificha ndani ya kitambaa chake cheusi.

Mchana ule filamu ilihamia meza ya Firmin ili aiimarishe kwa gundi. Jioni Bwana Mbuyi aliipitisha yote mbele ya kioo, na ghafla mkono wake ukasimama. Pembeni mwa filamu huwa kuna namba ndogo zinazofuatana, na hapa namba ziliruka.

"Kipande kimoja hakiko," alisema. "Nilipiga hii filme mimi mwenyewe. Kilikuwa na mama mwenye kitenge cha njano, anakunywa maji. Ndiyo picha ya maana kupita zote, ju watu wataona kwa macho kile siye tunasema kwa kinywa. Iko wapi?"

Waliangalia kwenye pini, wakaangalia ndani ya kikapu, wakatambaa chini ya meza.

"Firmin," mwalimu akasema, "filme ilitoka ku mukono yako."

"Mwalimu, mimi sikukata kitu! Niliunga tu!"

"Mara mbili niliokota vipande ku meza yako."

"Ile ya mbele, ndiyo, ninakubali. Lakini hii hapana! Kwa jina ya mama, hapana!" Firmin aliwageukia wenzake, naye hakuwa tena yule wa matani. "Semeni basi! Weye Geneviève, uliona mimi ninakata?"

Geneviève alifungua kinywa. Kitambaa kichwani kilikuwa kizito kama jiwe. "Mimi... sikuona," akasema.

"Utarudi nyumbani," Bwana Mbuyi akamwambia Firmin, "mpaka kipande kionekane. Kisipoonekana, kozi yako imekwisha."

Firmin alivua glavu, akaziweka mezani moja juu ya nyingine, akatoka bila kumtazama mtu.

Njia ya kurudi nyumbani ilikuwa ndefu jioni ile. Alipofika karibu na nyumba ya Mama Lucienne, Geneviève alisahau kuvuka upande wa pili. Mlango ulikuwa wazi. Masufuria yalikuwa yamefungwa ndani ya shuka, na godoro limekunjwa na kukazwa kwa kamba. Lucienne alikuwa kizingitini, akifunga kuku miguu.

"Munaenda wapi?" Geneviève aliuliza. Yalikuwa maneno ya kwanza kati yao tangu mazishi.

"Aveba, kwa mujomba." Lucienne hakuinua macho. "Mama anasema hatangoja siku ya matanga, watu wamufukuze kama mbwa mbele ya watoto wake."

Geneviève alitazama godoro lililofungwa kamba.

"Weye pia unaamini mama yangu alitia sumu?" Lucienne akauliza. "Sema tu. Tulikula ku sahani moja mara ngapi, mimi na weye? Sema."

Mkono wa Geneviève ulikwenda kwenye kitambaa chake. Kutoka ndani Mama Lucienne aliita kwa sauti iliyochoka, "Lucienne, achana naye. Ule mutoto iko na kilio chake." Huruma ile ilimchoma kuliko tusi. Yule aliyesingiziwa ndiye aliyekuwa anamwonea huruma, naye msingiziwa wa pili, Firmin, alikuwa ametoka kufukuzwa jioni ileile kwa neno la Geneviève mwenyewe, "sikuona". Akaelewa sasa kwamba hakuhitaji kusema uongo mrefu. Alikuwa ametoa kipande kimoja tu, na watu wawili walikuwa wameharibika.

Alimkuta baba yake peke yake uani. Akapiga magoti, akafungua kitambaa, akaweka kile kipande juu ya kiganja cha baba.

"Ni nini hii?"

"Ni mama," akasema, na maneno yote yakamtoka kwa pamoja: kwa nini alichagua kozi, alichoona, alichokata, Firmin, masufuria ya Mama Lucienne.

Muzee Hippolyte alisikiliza mpaka mwisho. Geneviève alingoja kofi, wala kofi halikuja. Baba aliinua ule ukanda mwembamba kwenye mwanga uliobaki, akakunja jicho moja, lakini picha zilikuwa ndogo kama mbegu za mchicha.

"Sioni," akasema kwa sauti ya chini. "Kesho utanionyesha."

Asubuhi walifika wote wawili mlangoni kwa Bwana Mbuyi kabla ya wanafunzi. Geneviève alisema kosa lake mwenyewe, baba hakumsaidia hata neno moja. Mwalimu alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya haki.

"Jana ulitazama Firmin mu macho," alisema. "Ulijua, na ukaniacha nimufukuze."

"Ndiyo, mwalimu."

"Utaenda kwao weye mwenyewe, utamuomba radhi mbele ya wazazi wake. Kisha utarudi hapa kufanya kazi, ju kozi ungali hujaimaliza." Akamgeukia baba. "Muzee, pole sana. Sikujua kama ule mama ni wenu. Sikujua hata kama alikufa."

Muzee Hippolyte aliinama mbele ya mashine. Aliweka mikono yake ya saruji mgongoni, akiogopa kugusa chochote. Geneviève aliuzungusha mkono. Mama akaingia na kitenge chake cha njano, akanywa, akacheka.

"Rudisha," baba akasema.

Akarudisha.

"Rudisha tena."

Walikaa hivyo muda mrefu, mwalimu amesimama kando ya dirisha ameangalia pembeni. Hatimaye baba akanyooka. "Kila siku alikuwa anakunywa pale," alisema. "Na mimi pia. Siye wote. Muuguzi alituambia, tukamucheka." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Adèle lazima aone."

Shangazi Adèle alikuja kwa kukokotwa. "Munafukua wifi yangu kabla ya matanga kuondoka?" alilalamika njia nzima. "Ni laana hii!" Muzee Hippolyte alimjibu kwamba ukoo utaona peke yake, mlango umefungwa, na kwamba wageni hawataona chochote kabla ya siku yenyewe. Mbele ya kioo shangazi aliendelea kunung'unika mpaka wifi yake alipoinama na kuteka maji. Picha ilipopitishwa mara ya pili alikaa chini, sakafuni kabisa.

"Kuona anakunywa haiko ushahidi wa yote," Bwana Mbuyi alisema kwa upole. "Hii filme haiwezi kusema ugonjwa uliingia saa ngapi. Lakini muuguzi alisema ni maji, na hapa maji iko. Sumu, nani aliona?"

Shangazi Adèle alifunika uso kwa kitenge chake. "Mimi ndiye nilisema wa kwanza," alilia. "Mimi. Nilitia jina ya ule mama mu kinywa ya watu wote."

Jioni ileile Muzee Hippolyte na dada yake walikwenda kwa Mama Lucienne kumsihi asiondoke kabla ya matanga kwisha. Naye Geneviève alikwenda kwa akina Firmin. Mama yake Firmin alimkemea mpaka majirani wakatoka kusikiliza. Firmin alimwacha aseme radhi yake yote, kisha akauliza, "Mwalimu aliweka glavu zangu fasi gani?" Kesho yake alirudi kazini. Hakumtania Geneviève tena mpaka kozi ikaisha, na Geneviève alitamani angemtania.

Siku ya kuondoa matanga ua ulijaa watu mpaka njiani. Mvua ilikuwa imeacha matope, na wageni walikaa wamekunja nguo zao. Muzee Hippolyte alisimama. Kila mtu alijua jina linalongojwa, na baadhi ya vijana walikuwa tayari wamegeukia nyumba ya jirani.

"Bibi yangu," alisema, "aliuawa na maji ya kijito. Alikunywa kwa mukono yake, kama mimi ninakunywa, kama nyinyi munakunywa. Muuguzi alisema tangu siku ya kwanza. Siye hatukutaka kusikia, ju ilikuwa mwepesi kupata mutu wa kuchukia kuliko kuchemusha maji. Mama Lucienne hana kosa. Kosa iko ya ukoo wetu, na mimi ninaomba radhi mbele ya wote."

Vichwa viligeuka. Mama Lucienne alikuwa amekaa mwisho kabisa, karibu na ua wa miti, watoto wake wakiwa wamemzunguka. Shangazi Adèle alipita katikati ya watu, akapiga magoti matopeni mbele yake, akamletea sahani ya chakula kwa mikono miwili.

Mama Lucienne aliitazama ile sahani. "Nimesikia," alisema. "Aksanti kwa kusema mbele ya watu. Aveba sitaenda. Lakini leo siwezi kula kwenu, mama. Musinikasirikie. Tumbo inakataa."

Alisimama, akajikung'uta kitenge, akaondoka na watoto wake. Lucienne aligeuka mara moja. Hakutabasamu, lakini aligeuka.

Wageni walipokwisha kutawanyika, Muzee Hippolyte aliwaita Geneviève na watoto wengine wa ukoo, akawaketisha mkekani.

"Mumeona na macho yenu," aliwaambia. "Ukweli tumeusema, na ule mama amebaki mu mtaa. Hiyo ni vizuri. Lakini kidonda yake hatukuifuta, ju tulichelewa. Mutu akijua neno la kuokoa mwenzake, aliseme mbio, hata kama linamutia haya, hata kama linagusa mama yake mwenyewe. Na maji, hata ikionekana safi namna gani, hata ikitembea, ichemushwe." Kisha akamwangalia binti yake. "Kazi uliyochagua si ya wiki tatu. Kila siku utakapokamata makasi, kutakuwa mutu ndani ya kile unataka kutoa. Umuangalie kwanza."

"Ndiyo, papa."

Kesho yake jioni, filamu ya maji ilionyeshwa katika uwanja wa parokia, nzima, bila pengo. Mama mwenye kitenge cha njano alipoinama na kunywa, watu walinyoosha shingo waone vizuri. Muuguzi alichukua kipaza sauti, akaeleza jinsi ya kuchemsha maji mpaka yatokote, jinsi ya kuyafunika, jinsi ya kunawa mikono baada ya choo, na jinsi ya kujenga choo mbali na mahali pa kuteka maji. Wiki hiyo mtaa ulibomoa kile choo cha mteremkoni. Na kila asubuhi, kabla ya kazi nyingine yoyote, Geneviève aliteleka sufuria kubwa na kungoja povu lipande.

Wewe uliyeisoma hadithi hii, usiifunge ukanyamaza. Nyumbani kwenu au kwa jirani yuko mtu mzima ambaye bado hajajifunza kusoma. Keti naye, umsomee kwa sauti, polepole, tangu neno la kwanza. Naye akiisha kuelewa, mwombe amsimulie mwingine, hasa yule ambaye leo anamnyoshea jirani yake kidole.